Mapato kwa Mwezi

Fomu iliuliza kwa adabu,
kama mgeni aliyeingia bila kuvua viatu:
Mapato ya mzazi kwa mwezi.
Nikamsomea mama pale Mwaloni.
Alikuwa amepiga magoti kwenye chandarua chakavu,
anageuza dagaa kwa kiganja, wasishikane.
Hakuinua kichwa.
"Mwezi upi?
Mwezi ukiwaka hatupati kitu.
Sisi tunakula giza."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.
Mbalamwezi ikitanda juu ya Ziwa
dagaa wanaona maji yote yanawaka;
wafuate taa ipi?
Wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu,
na mama anakopa unga kwa Nyanzobe
mpaka mbingu ziwe nyeusi tena.

Basi nikapiga hesabu.
Magunia saba ya giza,
toa mvua ya Machi iliyoozesha chanja mbili,
toa ushuru, toa ujira wa mpakiaji,
toa kunguru.
Gawanya kwa kumi na mbili, geuza iwe dola.
Fomu ikaikataa namba yangu kwa wekundu:
Tafadhali hakiki.

Nilituma kumi na moja,
timu nzima, golikipa ni mimi.
Nilitafuta penye neno kamili:
ada, malazi, bima, nauli ya kwenda na kurudi,
maana kwetu hakuna wa kujazia pengo.
Masalu wa steshenari pale Kirumba
alikitazama cheti changu kwenye mwanga, wani ya tatu,
akakipiga picha mara mbili, ya pili akaibandika ukutani.
"Utanilipa ukirudi," akasema,
akasahau kwamba bado sijaondoka.

Bi Rutashobya wa kemia aliombwa barua.
Waeleze uongozi wake.
"Ulikuwa kiranja?"
Sikuwa.
"Nahodha? Katibu wa chochote?"
Sikuwa.
Akavua miwani, akafikiri.
"Basi nitaandika ninachokijua:
mirija ya maabara uliirudisha safi,
hata ile uliyoikuta chafu."

Swali la mwisho lilinikalia wiki nzima.
Kwa maneno mia tano, tueleze changamoto uliyoishinda.
Kwetu kushinda ni kukaa mahali mchana kutwa.
Mama anashinda juani.
Mdogo wangu Limi anashinda kwa jirani.
Mimi nimeshinda na njaa,
sijawahi kuishinda.
Niliandika hivyo hivyo, nikafuta,
nikaandika tena.
Mwisho wao ulikuwa saa sita usiku ya kwao,
saa mbili asubuhi ya kwetu;
umeme ulirudi saa mbili kasorobo.

Aprili majibu yakaanza.
Wengi walisikitika kwa maneno yaleyale,
utadhani wamefiwa pamoja.
Mmoja akafurahi:
Hongera, asilimia hamsini.
Nilikimbia mpaka Mwaloni, nikafika bila pumzi.
Mama akanawa mikono kwanza,
akaishika simu kama yai.
"Hamsini ni nusu?"
Ni nusu, mama.
"Yaani kivuko cha Kamanga kikufikishe katikati ya maji,
halafu wakwambie hongera, shuka?"

Hatukusema tena.
Tulibeba magunia mpaka jua likazama nyuma ya mawe,
yale mawe yaliyopandana bila anayejua ni nani aliyeyapandisha,
na hayajawahi kuanguka.

Usiku nikafungua fomu ya kumi na mbili.
Majina. Tarehe ya kuzaliwa. Anwani:
tuna mlima, tuna jiwe lenye rangi nyeupe, namba ya nyumba hatuna.
Kisha kile kisanduku.

Nje kulikuwa kweusi kama sufuria.
Huko majini taa moja,
kisha nne, kisha zikawa mji mzima
unaotembea polepole kuelekea Ukerewe.
Mama akajifunga kanga ya pili,
akachukua ndoo, akasimama mlangoni
akihesabu kwa midomo.

"Leo hakuna mwezi," akasema.
"Andika."